Simu ya Biashara ya Laki Mbili na Nusu: Hesabu Kabla ya Kwenda Kariakoo

Ukishuka Kariakoo ukitokea Mbagala au Tegeta, na mfukoni una laki mbili na nusu ya kununulia simu ya biashara, Mtaa wa Aggrey haukuachi upumue. Kila duka lina simu ya bei yako, na kila muuzaji anaanza na swali lile lile: una shilingi ngapi? Swali la kujiuliza wewe mnunuzi ni jingine: simu hii itakula shilingi ngapi mpaka siku nitakapoiacha?

Tupige hesabu ya mfano. Simu ni 250,000 na unakaa nayo miaka miwili. Ukiigawa kwa siku 730, inakugharimu kama shilingi 340 kwa siku. Sasa weka bando. Mwenye genge au fundi cherehani anayejiunga kwa 1,000 kila siku, ndani ya miaka hiyo hiyo amelipa 730,000, karibu mara tatu ya bei ya simu. Hapo hujahesabu kava, protekta, na kioo kitakachopasuka siku ukishuka daladala kwa kugombania mlango. Simu yenyewe ndiyo gharama ndogo. Anayezunguka maduka yote ya Aggrey kuokoa 20,000, kisha akaiacha simu ijipakulie video za makundi usiku kucha, ile 20,000 itaondoka kabla ya mwezi kuisha.

Kwanza ujue simu unaitafutia kazi gani. Kupokea malipo hakuhitaji simu janja. Lipa Namba inaleta ujumbe wa kawaida wa maandishi, na *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi kwenye kitochi bila hata MB moja. Ndiyo maana ukisimama kwenye kibanda cha wakala pale Rangi Tatu au Tandika utaona vitochi vimepangwa mezani, kila mtandao na chake. Chaji inakaa siku kadhaa, kikianguka kinaokotwa, na kibaka wa pikipiki hana haja nacho. Kama biashara yako ni duka la mtaani, wateja wanakuja wenyewe na wanalipa kwa namba, sioni sababu ya kukutoa laki mbili na nusu. Ziongeze kwenye mtaji.

Simu janja inalipa kwa mtu ambaye mteja wake hayuko mlangoni. Namfikiria mama wa Chamazi anayepika sambusa na keki za oda. Asubuhi anaweka picha kwenye status, mchana anapokea oda kwa sauti, jioni anatuma eneo kwa bodaboda. WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, inampa orodha ya bidhaa zenye picha na bei, na majibu ya salamu yanayojituma yenyewe wakati mikono imejaa unga. Hailipiwi. Fundi aluminiamu wa Bunju anaonyesha madirisha aliyokwisha kufunga, muuza mitumba ya Tandika anafungua belo huku wateja wake wanaangalia na kuchagua. Kwa watu hawa simu ni fremu ya duka isiyodaiwa kodi, na ikiganda oda inahamia kwa jirani.

Na kinachoigandisha mara nyingi ni memori, kwa hiyo hapa tuangalie kwa makini. Kwenye boksi za simu nyingi za bei hii utaona maandishi makubwa: 8GB. Sogeza macho karibu, chini yake kuna herufi ndogo: 4+4. Maana yake RAM halisi ni 4GB, na hizo nne nyingine zinachukuliwa kutoka kwenye hifadhi ya ndani na kufanyishwa kazi ya RAM. Hifadhi hiyo ni ya polepole kuliko RAM ya kweli, na kila unapoikopa unapunguza nafasi ya picha zako. Muuzaji hajakudanganya kwa kila neno, lakini amekuonyesha namba ambayo si ya kulinganishia. Linganisha RAM halisi kwa RAM halisi.

Hifadhi ya 32GB mimi siishauri tena kwa biashara. Mfumo wa simu wenyewe unachukua sehemu kubwa, WhatsApp inahifadhi kila picha na kila video inayopita kwenye makundi ya familia, ya kikoba na ya mtaa, na baada ya miezi michache simu inaanza kukwambia nafasi imejaa wakati mteja anasubiri picha. Memori kadi inasaidia kwa picha na muziki, haisaidii sana kwa programu. Chukua 64GB na RAM ya 4GB halisi. Ikibidi kubana, bana kwenye kamera, maana picha ya keki iliyopigwa kwenye mwanga wa dirishani inatosha hata kwa kamera ya kawaida.

Kwa majina, ngazi hii ina familia tatu zinazoonekana zaidi: Transsion, Xiaomi na Samsung. TECNO, itel na Infinix ni ndugu, wote wa kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Nguvu yao ni bei, na kwamba ndani ya boksi unakuta kichwa cha chaji na mara nyingi kava pia. Wana kituo chao cha matengenezo, Carlcare, na fundi wa mtaani amezifungua mara nyingi mpaka anazijua. Udhaifu wao kwenye matoleo ya chini kabisa ni masasisho ya mfumo: usinunue ukitegemea kwamba yatakuja.

Redmi A3 ya Xiaomi, iliyotoka mwaka 2024, ina betri ya 5,000 mAh na kitambuzi cha alama ya kidole pembeni, lakini inachaji kwa wati 10 tu. Galaxy A05 ya Samsung, ya mwaka 2023, ina betri ya ukubwa huo huo na inapokea wati 25. Samsung iliahidi kuipa matoleo mapya mawili ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama. Ila kwenye boksi lake kuna waya tu, kichwa cha chaji unanunua mwenyewe, na haina kitambuzi cha kidole. Mdogo wake A06, wa mwaka 2024, amekuja na kitambuzi hicho.

Hizi wati si mambo ya wataalamu. Kwa anayekaa Toangoma au Mbweni, umeme ukikatika na kurudi kwa saa moja na nusu, simu ya wati 25 imekaribia kujaa na ile ya wati 10 ndiyo kwanza iko katikati. Masasisho nayo ni pesa. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0, na programu za benki huwa zinaziacha simu za zamani mapema zaidi. Simu inayosasishwa unaitumia miaka mitatu, minne. Gawa bei yake kwa siku hizo uone, ile iliyoonekana ghali kwa 50,000 inageuka kuwa ndiyo nafuu. Kwa mtu mwenye pesa taslimu, kati ya hizi mimi nachagua A06 ya 4GB, hata kama itabidi asubiri mwezi mmoja kuongezea.

Wengi hawana pesa taslimu, na hapo ndipo mkopo wa simu unapoingia: kianzio kidogo, simu unaondoka nayo leo, unalipa kila siku kwa simu hiyo hiyo. Kenya walianza mapema. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 za Kenya kwa siku, na simu ikijifunga mteja asipolipa. Kwetu mipango ya namna hiyo imejaa mpaka kwenye vituo vya daladala.

Chukua mkataba wa mfano: simu ya 250,000, kianzio 50,000, na 1,200 kila siku kwa mwaka mzima. Siku 365 mara 1,200 ni 438,000. Ongeza kianzio, umelipa 488,000. Yaani kwa laki mbili ulizokopeshwa umerudisha 438,000. Kijana anayekusajilia atakutajia ile 1,200, na kweli ni bei ya chapati mbili tatu. Mwombe akuandikie jumla kwenye karatasi, ukae nayo dakika tano. Muulize pia: nikilipa mapema napunguziwa? Ikiibwa naendelea kulipa? Ikiharibika na ikakaa kwa fundi wiki mbili, siku hizo nadaiwa?

Sisemi mkopo ni haramu kwa kila mtu. Bodaboda anayepata abiria kwa programu kama Bolt, simu inamwingizia pesa kuanzia siku ya kwanza, na akisubiri miezi mitano bila simu anapoteza zaidi ya riba. Lakini simu iliyofungwa siku ambayo biashara imelala inafunga na biashara yenyewe. Mama wa sambusa aliyeugua siku tatu anapona anakuta oda zake ziko nyuma ya kioo kilichofungwa. Mtu wa namna hiyo afadhali aingie kwenye mchezo na wenzake. Akiweka 1,200 ile ile kila siku, zile laki mbili zinatimia kwa siku 167, miezi mitano na nusu, na hakuna anayemfungia kitu.

Kuna njia ya tatu, simu ya mtumba: Samsung au iPhone ya daraja la juu iliyotumika Dubai au Ulaya. Kamera ni nzuri na ukiishika unajisikia. Betri mara nyingi imechoka, kioo huenda kimeshabadilishwa kwa kopi, na masasisho yake yako ukingoni. Anayeuza nguo kwa picha anaweza kufaidika nayo, akienda na fundi anayemwamini. Kwa wengine naona mashaka ni mengi kuliko faida.

Turudi kwenye bando, maana ndiko pesa inakotoka kila siku. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka mipaka ya bei ya MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa mipaka hiyo, MB 1,000 zinaweza kukugharimu 2,030 au 9,350, ni zile zile. Anayenunua vibando vya mia tano tano mara nyingi ndiye anayelipa MB kwa bei ya juu. Gawa shilingi kwa MB kabla ya kujiunga, na kama mzunguko unaruhusu, chukua cha wiki au cha mwezi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, na kwenye Play Store ruhusu masasisho kwa Wi-Fi pekee.

Ukishanunua simu janja, usikitupe kitochi. Weka humo laini ya pesa, simu janja ibaki na laini ya wateja. Ikikwapuliwa pale Mwenge, umepoteza simu, hukupoteza mauzo ya wiki. Na ukipokea ujumbe kwamba mteja amelipa, angalia salio kabla ya kutoa mzigo, kwa sababu ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka wa fedha 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, mwaka uliofuata msamaha ukafutwa kwa hoja kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Naipinga hoja hiyo. Kama wafanyabiashara hawakushusha bei, dawa ilikuwa kuwasimamia. Mnunuzi wa Mbagala hakuwa na kosa. Kwenye simu ya 250,000, VAT ya asilimia 18 ni takriban 38,000, na kwa mama lishe hiyo ni pesa ya mkaa na mafuta. Bunge liirudishe kwa simu za bei ya chini, na safari hii bei ya rejareja ifuatiliwe.

Maadamu kodi hiyo unailipa, dai risiti ya EFD. Ndiyo ushahidi wako siku ya kudai garantii, na siku polisi wakiuliza simu umeitoa wapi. Ukiwa bado dukani bonyeza *#06#, namba ya IMEI itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uone imesajiliwa kwa aina gani ya simu. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima, na waliozinunua bila kujua walibaki na vipande vya plastiki. Weka laini yako mwenyewe, piga, pokea, chomeka chaji, washa kamera zote mbili. Muuzaji akikataa kukupa risiti, mrudishie simu yake uende duka la pili. Aggrey ina maduka mengi.