Kumchagulia mtoto shule ughaibuni: Tutazame na njia ya kurudi

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, miongoni mwetu watu wa Afrika Mashariki wapo wanaopata ajira Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, wakajaaliwa kuzichukua na familia zao. Shule za serikali huko ni hasa kwa ajili ya raia. Hivyo watoto wengi wa wageni husoma katika shule binafsi za kulipia.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza ni shule ipi yenye jina. Swali hilo si baya, ila halistahili kutangulia. Ukaazi wa mfanyakazi mgeni kwa kawaida hufungamana na ajira yake. Mkataba ukikoma, familia hufunga virago, na mtoto aliye katikati ya masomo ndiye anayeumia. Basi swali la kwanza na liwe hili: Mtoto huyu akiondoka hapa, ataendelea wapi?

Jibu limo katika mtaala. Mtaala wa Uingereza humfikisha mtoto kwenye mitihani ya IGCSE akiwa na umri wa miaka 16 hivi, kisha A-level. Ngazi hizo zinakaribiana na kidato cha nne na cha sita cha Tanzania, na shule zinazoufuata zipo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Mtaala wa India wa CBSE una mitihani ya taifa darasa la 10 na la 12, na aghalabu ada za shule zake ni nafuu. Mtaala wa IB, ambao taasisi yake iliasisiwa Geneva mwaka 1968, unatambulika katika nchi nyingi, lakini shule zake huwa ghali. Anayetarajia kurejea nyumbani aulize mapema namna cheti kinavyolinganishwa: Tanzania kwa NECTA, Kenya kwa KNEC.

Pili, kalenda. Mwaka wa masomo wa Tanzania huanza Januari. Shule za mtaala wa Uingereza huko Dubai huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, na za India huanza Aprili. Mtoto anayehama Januari hukuta wenzake wamekwishatangulia. Aidha, cheti cha kuhama na ripoti za masomo vishughulikiwe kabla ya safari, kwani huenda vikahitaji uthibitisho wa mamlaka za nchi atokayo.

Tatu, ubora. Mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, ilianza kuzikagua shule binafsi mwaka 2008 na kutangaza ripoti zake kwa umma. Mzazi azisome kabla ya kulipa, na atazame ni za mwaka gani, maana ukaguzi kamili ulisitishwa kwa shule nyingi katika mwaka wa masomo wa 2024/2025.

Ama upande wa dini, Alhamdulillah, somo la Elimu ya Kiislamu ni la lazima kwa wanafunzi Waislamu hata katika shule za mitaala ya kigeni, na Kiarabu pia hufundishwa. Tangu Januari 2022, Ijumaa huko imekuwa nusu siku ya kazi, na shule humaliza masomo kabla ya swala. Hata hivyo, vipindi vichache kwa wiki haviwezi kushika nafasi ya mzazi. Mtoto anaweza kufaulu somo hilo kwenye karatasi, na swala ya Alfajiri ikampita kitandani. Kwa hiyo baba na mama wawe na saa yao ya Qur'ani nyumbani.

Tusisahau Kiswahili. Si somo la kawaida katika shule hizo, na mtoto asiyekizungumza nyumbani atarudi akiwa mgeni kwa bibi na babu yake, na atapata taabu akirejea katika shule za kwetu.

Ndugu zangu, watoto ni amana. Fahari ya sare na basi la shule hupita; mtoto hubaki na alichojifunza na cheti alicho nacho mkononi. Tufanye ushauri, tuswali istikhara, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.

Wabillahi Tawfiq.