Kilio cha Bombay, Kicheko cha Ifakara

Vitabu vya shule hugawa michezo ya kuigiza kwa namna iliyonyooka. Tanzia humliza mtazamaji, ramsa humchekesha, na tanzia-ramsa imewekwa katikati kwa ajili ya kazi zinazofanya yote mawili. Mgawanyo huo unatosha kufaulia mtihani wa kidato cha nne. Ukiubeba hadi kwenye mabanda ya video ya bonde la Kilombero, kuanzia Mang'ula na Ifakara hadi Mlimba na ng'ambo ya mto kuelekea Lupiro, utakukwama mkononi. Kwa miaka mingi huko, aliyeamua kama picha ni ya kulia au ya kucheka hakuwa mtunzi aliyeiandika Bombay wala mwongozaji aliyeipiga Hong Kong. Alikuwa mtafsiri, yaani DJ, ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya washiriki inayopita mwishoni.

Tuanze na banda lenyewe, kwa kuwa lina mchango wake katika sanaa hii. Ni chumba cha matofali ya kuchoma au mabati, chenye mabenchi ya mbao na magunia madirishani ya kuzuia mwanga. Ndani kuna televisheni moja iliyoinuliwa juu ili wa nyuma nao waone, na spika kubwa kupita kiasi. Watu huliita kibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo saa mbili mchana wa Februari haulizi kwa nini. Nje kuna ubao wa chaki: saa nane ngumi, saa kumi Kihindi, saa moja Bongo, saa nne mpira. Usome ubao huo kwa makini. Mara nyingi jina la picha halipo, na neno tamthilia au komedi halipo kabisa. Kilichopo ni nchi. Mteja akiona Kinaijeria anajua kuna uchawi, utajiri wa ghafla na mchungaji wa kanisa. Akiona Kikorea anajua ni mapenzi yatakayomaliza juma zima, sehemu baada ya sehemu. Nchi imechukua nafasi ya utanzu, na kwa mfanyabiashara huo ni mgawanyo wenye akili kuliko ule wa vitabuni, maana unamwambia mteja ajiandae kwa nini.

Picha ya Kihindi ndiyo inayovuruga kila mgawanyo. Chukua Sholay ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Ndani yake kuna jambazi anayeua karibu familia nzima, kuna mkuu wa gereza wa kuchekesha anayetembea kama Hitler, kuna nyimbo, kuna mjane mkimya, na mwishoni mhusika wa Amitabh Bachchan anakufa. Kanuni ya kwanza ya banda, ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua, ni kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hauawi. Sholay inaivunja kanuni hiyo mbele ya watu waliolipa. Uchungu wa kifo kile una nguvu kwa sababu mtazamaji ametoka kucheka na marehemu muda si mrefu. Watunzi wa Bombay walilijua hilo zamani: machozi hayatoki kwa mtu ambaye hajacheka kwanza.

Sasa picha hiyo ifike mbele ya wakulima wa mpunga wasiojua Kihindi. Njia za kuwafikishia maneno ni tatu. Ya kwanza ni manukuu chini ya kioo, ambayo kwa kawaida huja kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo aliyekaa benchi la nne hazioni hata angekuwa profesa. Ya pili ni kuondoa sauti za asili na kuweka waigizaji wa Kiswahili mahali pake. Kazi hiyo ni ya gharama, inataka studio na watu wengi, na ndiyo iliyofanyika kwa tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipooneshwa na televisheni ya taifa, TBC. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kituo cha Azam nao wakaja na tamthilia za Kituruki za masultani zikizungumza Kiswahili fasaha. Hapo tamthilia inabaki tamthilia, maana anayelia analia kwa Kiswahili na hakuna anayeingilia kilio chake.

Njia ya tatu ndiyo ya banda. Sauti ya asili inaachwa, inapunguzwa tu, na mtu mmoja anazungumza juu yake kwa niaba ya wote: baba, mama, jambazi, polisi, hata mbwa. Anayetajwa zaidi kama mkongwe wa kazi hii Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia picha mbele ya watu kabla ya kurekodi sauti yake kwenye kaseti za VHS zilizosambaa nchini. Walimfuata wengine, akiwemo DJ Mark, na sauti zao zikawa zinajulikana hata na watu wasiowahi kuona sura zao. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings aliyewachunguza aliipa makala yake jina linalosema kwamba kazi yao ni kugeuza wali kuwa pilau. Kwa bonde linaloishi kwa mchele, mfano huo hauhitaji maelezo.

Tazama pilau hilo linavyoungwa. Kwenye kioo mama mjane amemshika mwanawe mkono, anamsihi asiende mjini. Violini zinalia. Mtafsiri kwanza anatoa maana sawasawa: mwanangu, usiniache, nimebaki na wewe tu. Anaacha violini kidogo. Kisha anatoka ndani ya mama huyo na kuwa mtu wa benchi: huyu mama angejua nauli ya Morogoro ilivyopanda asingehangaika, mtoto mwenyewe angeishia Mikumi. Banda linapasuka. Sekunde tano baadaye anarudi ndani ya mama, kwa sauti ileile ya huzuni, na watu wananyamaza tena. Ni mfano niliojitungia, lakini mtindo ni huo, na ugumu wake uko katika kurudi. Kuchekesha watu juu ya kilio si kazi ngumu, hata mlevi anaweza. Kuwarejesha kwenye kilio baada ya hapo kunataka kipaji, na watafsiri wabaya hujulikana kwa hilo: wakishatoka kwenye picha hawarudi, na tanzia ya saa tatu inageuka mzaha wa saa tatu.

Sanaa hii haikuzaliwa kwetu peke yetu. Wajapani wa zama za sinema bubu walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na watazamaji wengi walilipa kumsikiliza benshi fulani kuliko kutazama picha fulani. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao, hadi sinema za sauti zilipoua kazi hiyo. Uganda wana watafsiri wao wanaoitwa VJ, na Kenya wana DJ Afro. Hata wakoloni walilijua hitaji hili. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema uliokuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulitengeneza picha ambazo sauti yake ilikuwa kwenye santuri kando, ili ibadilishwe kufuatana na lugha ya mahali. Tatizo lao halikuwa lugha. Waliamini Mwafrika anahitaji kufundishwa na kuchekeshwa kitoto, wakatunga hadithi za mshamba anayeharibikiwa mjini.

Mshamba huyo hakufa na mradi. Mwaka 1952 alirudi katika Muhogo Mchungu, safari hii akichezwa na kijana mfanyakazi wa serikali aliyeitwa Rashidi Kawawa. Miaka 10 baadaye kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tangu hapo komedi yetu haijamwachia mshamba apumzike. Swali ambalo mwandishi wa Dar es Salaam hujiuliza kwa huruma ni kama mkulima wa Kilombero haudhiki akimwona. Haudhiki, kwa sababu hajihesabu kuwa ndiye yule. Yeye amekwenda Dar, ameuza mchele Tandale na kurudi na hela. Mshamba ni jirani yake aliyerudi bila hela. Marehemu Amri Athumani wa Tanga, King Majuto tuliyempoteza Agosti 2018, alikwenda hatua moja zaidi: akampa mzee wa kijijini tamaa na ujanja wa kutosha kumshinda mtu wa mjini, angalau hadi dakika kumi za mwisho. Kwa maoni yangu hakuna mchekeshaji wa Bongo, yaani Tanzania, aliyeisoma hadhira ya mashambani vizuri kama yeye. Kundi la Ze Comedy, lililoanzia kituo cha EATV na baadaye kuhamia TBC kama Orijino Komedi, lilikuwa kali zaidi, lakini dhihaka yake ya wanasiasa na taarifa za habari ilimtaka mtazamaji awe amezitazama hizo taarifa kwanza.

Tamthilia za nyumbani zilichelewa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini mwanzoni. Kundi la Kaole likaja na michezo yake kwenye kituo cha ITV, humo akapikwa mwigizaji Steven Kanumba, kisha kuanzia picha ya Girlfriend ya mwaka 2003 tasnia ikahamia kwenye kaseti na diski kutoka Kariakoo. Picha ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili iuzwe mara mbili. Ukatili huo wa kibiashara uliumba mtindo: sehemu ya kwanza lazima iishie mlango unapofunguliwa, hata kama anayeingia ni dada wa kazi amebeba chai. Tena, Bongo Movie haihitaji mtafsiri, kwa hiyo mtazamaji alikutana nayo bila ule mlango wa kutokea kuelekea kicheko. Ndiyo maana picha za Bongo huonekana nzito. Mwezi Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo kupinga picha za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi, na madai yao yalikuwa ya haki. Ila kodi pekee isingewapa kile DJ alichokuwa akikiongeza.

Bonde la Kilombero lina mfano wake wa kuchanganya kicheko na uchungu, ambao tasnia haikuuona, kwa kuwa ulitoka kwa watu wa afya. Kuanzia mwaka 2003, mradi wa ACCESS ulioshirikisha taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ulipita vijijini katika wilaya za Kilombero na Ulanga kueleza kwamba homa na degedege la mtoto ni vya kupelekwa hospitali haraka. Walitumia mashindano ya kucheza, maigizo, maswali na majibu, na sinema zenye mambo ya hapahapa. Fikiria mtihani wa mwandishi wa igizo kama hilo. Wazazi wengi walilihusisha degedege na jini au ndege, na mganga ndiye aliyekimbiliwa. Mfanye mganga kichekesho, uwanja utacheka, na mama aliyekwenda kwake wiki iliyopita atajiona ndiye anayechekwa. Picha ya Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, aliyoigiza Amandina Lihamba, ilikwepa mtego huo kwa kumpa mganga heshima yake. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati wa Radio Tanzania uliukwepa kwa njia nyingine kuanzia 1993: ulimweka Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, akachekesha kwa muda mrefu kabla UKIMWI haujamfikia. Mbinu ya michezo kama huo ilibuniwa na Miguel Sabido wa Mexico katika tamthilia za televisheni za miaka ya sabini. Tena ilipimwa: kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo hadi 1995, ili watafiti walinganishe mikoa.

Turudi bandani, ambako msimu nao una neno. Mvua za masika zikikolea, familia nyingi huhamia mashambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori, na banda la mjini hubaki na wanafunzi wanaotaka ngumi. Mavuno yakiingia, watu wanarudi na fedha na muda, na hapo ndipo picha ndefu za Kihindi zinapolipa. Siku hizi mashindano ni makubwa zaidi: mpira wa Ulaya unajaza benchi kuliko steringi yeyote, king'amuzi kimeingia majumbani, na kijana mwenye kompyuta kwenye duka la vifaa vya ofisi anakuwekea sizoni nzima kwenye flashi kwa bei ya soda.

Kazi za watafsiri wa kwanza zilibaki kwenye kaseti na diski zilizonakiliwa hovyo, na bonde lenye unyevu na mafuriko halihifadhi kaseti. Kama nyumbani kwako, Ifakara au kwingineko, kuna sanduku la VHS zenye sauti ya Lufufu au ya wenzake, usilitupe. Tafuta mtu mwenye deki inayofanya kazi, nakili sauti hizo kwenye kompyuta, uandike jina la mtafsiri na mahali kaseti ilipopatikana.