Leseni haizuii teke la rivolva

Ukitoka Nakuru kuelekea Nairobi, Lanet hukupokea kwa kambi ya jeshi na chuo wanakofunzwa makadeti. Mahali kama hapa gumzo la silaha halikosi, na ubishi ni uleule: bastola ipi ina nguvu kuliko zote? Anayetaka kuimiliki angeuliza kwanza ni ipi mkono wake utaimudu.

Jeshi la Uingereza, lililokuwa na kambi hapa enzi za King's African Rifles (KAR), lilijibu swali hilo zamani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza maofisa wake walibeba Webley ya .455, rivolva nzito yenye risasi nene. Amani iliporudi, wakuu waliona ni kazi kumfundisha askari mpya kuituliza, wakateremka hadi Enfield ya .38, iliyoidhinishwa mwaka wa 1932. Walipunguza nguvu ili wapate shabaha.

Risasi ikienda mbele, bastola hurudi nyuma. Risasi ya .44 Magnum, iliyozuka miaka ya 1950, ina uzito wa gramu 15 hivi na hutoka kwa kasi inayozidi mita 400 kwa sekunde. Msukumo wake ni zaidi ya maradufu ya ule wa milimita 9, risasi ya Ceska wanazobeba polisi wetu. Tena rivolva nyepesi, ile isiyochosha kiunoni, ndiyo hupiga teke kali zaidi, kwa kuwa uzito wa chuma ndio humeza mshindo.

Ili ulimudu teke hilo, ishike bastola juu kabisa ya mpini kwa mikono miwili, mwili ukiinamia mbele kidogo. Iache iinuke, kisha uirudishe kwenye shabaha. Kinachoharibu zaidi ni woga: anayesubiri mshindo hufumba macho na kuinamisha mtutu kabla risasi haijatoka. Mwalimu mjanja huchanganya risasi bandia kwenye silinda; mtutu ukitikisika bila mlio, woga umejianika. Mwenye rivolva ya .357 Magnum naye aanze na risasi za .38 Special, ambazo huingia humo bila shida.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai cheti, na mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya. Lakini cheti hakifundishi mkono. Kabla ya kulipia silaha, jifunze chini ya mwalimu katika uwanja ulioidhinishwa. Risasi ya pili ikikosa shabaha kila mara, chagua bastola ndogo.