Mtoto Amefaulu, Nani Atalipa Chuo?

Kila Julai, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, sisi mafrateri tulio parokiani kwa likizo hatufiki mbali baada ya Misa. Mzazi anatusimamisha mlangoni pa sakristia akiwa na simu ya mwanawe mkononi, picha ya matokeo imefunguliwa. Iwe Masasi mjini au juu kule Newala, swali ni lilelile: "Frateri, mtoto amepata daraja la kwanza. Sasa si atasomeshwa bure?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Hatupendi kulitoa hivyo, likiwa kavu, kwa mama aliyetoka kumshukuru Mungu. Ndiyo maana tumeandika makala hii, ili mzazi na kijana wajue mapema fedha za chuo kikuu cha umma zinatoka wapi, nani anazipata, na kwa nini wengine huku kwetu wanazikosa wakati wanazistahili.

Kosa la kuelewa lina sababu yake. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Mzazi aliyezoea "bure" kwa miaka kumi na mitatu anadhani neno hilo linaendelea hadi chuoni. Haliendelei. Chuoni yanaanza maneno mengine matatu ambayo watu huyachanganya: punguzo, ufadhili na mkopo.

Punguzo tulimalize haraka. Huko Marekani vyuo vingi hutangaza ada kubwa, kisha humpunguzia mwanafunzi kwa sababu ya alama zake au hali ya nyumbani kwao, kwa hiyo wawili waliokaa dawati moja wanaweza kuwa wamelipa ada tofauti. Kwetu ada iliyotangazwa ndiyo ada. Katika vyuo vya umma kama Dar es Salaam, Dodoma au Sokoine, kozi nyingi za shahada ya kwanza hutoza kama shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka, na mwenye daraja la kwanza pointi tatu analipa sawa na mwenye daraja la pili. Tukisema kweli, punguzo lipo, ila wamepewa wote kabla hawajafika dirishani, kwa kuwa mishahara ya wahadhiri na sehemu kubwa ya majengo hulipwa na Serikali. Zamani Serikali ililipa karibu kila kitu. Utaratibu wa kuchangia gharama ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo familia imekuwa ndani ya hesabu.

Ufadhili ni fedha isiyorudishwa, na hapo ndipo alama zinapohesabiwa. Unaojulikana zaidi sasa ni Samia Scholarship, ulioanza mwaka 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita na kwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Unalipia ada pamoja na matumizi. Benki Kuu nayo ina mfuko wa ufadhili wenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, ulioanzishwa mwaka 2009, kwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu kabisa. Ni mambo mema, lakini tuangalie ukubwa wake. Katika mwaka huo wa 2022/2023 Samia Scholarship ilitengewa shilingi bilioni 3, na mikopo ya elimu ya juu ikatengewa bilioni 654. Kwa kila shilingi mia zilizokopeshwa, iliyotolewa kwa ufadhili huo haikufika hata nusu shilingi. Basi mzazi anayengoja ufadhili na kuacha kuomba mkopo anangoja mlango mwembamba sana.

Tena kwa mtoto wa huku mlango huo ni mwembamba zaidi. Darasani tumesoma kwa Aristotle kwamba filimbi nzuri apewe mpigaji bora, wala si tajiri au mwenye ukoo mkubwa. Tulipojadili jambo hili bwenini, mmoja wetu, mzaliwa wa uwanda wa Makonde, akauliza: na yule ambaye shuleni kwake hapakuwa na filimbi? Shule nyingi za kata zina uhaba wa walimu wa fizikia na hisabati, na maabara nyingine ni chumba chenye meza tu. Kijana mwenye akili anaingia michepuo ya historia, jiografia na Kiswahili kwa sababu ndiyo iliyokuwa na walimu. Akipata daraja la kwanza huko, ufadhili wa sayansi haumhusu hata kidogo. Hatusemi aliyeshinda hakustahili. Tunasema kwamba alama hupima juhudi ya mtoto na shule aliyosoma kwa pamoja, na karatasi ya matokeo haitenganishi viwili hivyo.

Kwa walio wengi, basi, njia ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa Masasi, ikaanza kazi mwaka 2005. Tunalitaja hilo kwa sababu wapo wanaosema mambo ya Bodi ni ya watu wa mjini. Mkopo unaweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mzazi huiogopa ada, lakini gharama kubwa ni kuishi. Fedha ya chakula na malazi ikiwa shilingi 10,000 kwa siku, wiki 34 za masomo zinafika 2,380,000, zaidi ya ada ya kozi nyingi. Na anayechagua chuo cha Kanisa, kama Stella Maris pale Mtwara, anaweza kuomba pia. Mkopo haujafungiwa vyuo vya Serikali.

Tofauti na ufadhili, mkopo hutazama kwanza uhitaji. Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae nasi kidogo, maana uhitaji hauonekani kwa macho. Hakuna afisa atakayepanda gari kutoka Dar es Salaam aje Newala kuona paa la nyasi. Uhitaji unaonekana kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kilichohakikiwa kama mzazi amefariki, uthibitisho wa ulemavu, namba ya kaya kama mnanufaika na TASAF, barua ya mfadhili kama kuna aliyemlipia sekondari. Umaskini usio na karatasi mbele ya mtambo ni kama haupo.

Tulimfahamu binti mmoja wa kigango cha jirani. Baba yake alifariki shambani alipokuwa darasa la tano, akazikwa siku ya pili kama desturi, watu wakalia, wakala, wakatawanyika. Hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Nani angekumbuka cheti siku ya msiba? Miaka minane baadaye, anajaza maombi ya mkopo, anafika mahali pa kuambatisha cheti cha kifo cha baba, na hana. Yatima anayejulikana kijiji kizima aliingia kwenye maombi kama mtoto mwenye wazazi wawili. Alichopangiwa kilikuwa sehemu tu, na mama yake hakuweza kujazia kilichobaki. Mwaka huo hakwenda chuo. Alibaki akisaidia kupepeta korosho.

Hatuna wa kumlaumu kwa hilo, maana mtambo ulisoma kilichokuwa mbele yake. Aliyefungua njia alikuwa katekista mzee. Alimwambia aende parokiani waangalie daftari la wafu. Jina la baba lilikuwepo kwa mwandiko wa padre, pamoja na siku aliyofariki na siku aliyozikwa. Kwa nukuu ile, barua ya mtendaji wa kijiji na kiapo cha ndugu wawili, kifo kiliandikishwa wilayani. Mwaka uliofuata aliomba upya. Sasa yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu.

Daftari la ubatizo nalo lina kazi ya namna hiyo, ila hapa pana mtego. Familia nyingi za Kikatoliki zimetunza cheti cha ubatizo kwa uangalifu, kimewekwa plastiki, na zinaamini kinatosha. Hakitoshi. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa cha Serikali. Cha ubatizo kinasaidia kama ushahidi wa kuombea hicho kingine. Na kuna suala la majina. Mtoto amebatizwa Yohane, ameandikishwa shule kwa jina la babu, na cheti cha kuzaliwa kina jina la tatu ambalo mjomba alilitaja dirishani. Majina ya cheti cha kuzaliwa na ya vyeti vya Baraza la Mitihani yanatakiwa kupatana. Kuyarekebisha kunahitaji kiapo, nauli na wiki kadhaa, na wiki hizo Julai huzipati.

Kwa kawaida dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa wiki chache baada ya matokeo. Kwa mkulima wa korosho huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Juni mpaka Agosti ni miezi ya kupulizia salfa, fedha inatoka, haiingii. Minada ya vyama vikuu, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, huanza Oktoba. Ada ya kuomba mkopo, shilingi 30,000, si fedha ya kutisha, lakini ongeza kuhakiki vyeti, kwenda Masasi kwa wakili, kuchapisha fomu, kulipa kijana wa steshenari anayejua kuipandisha kwenye mtandao. Ndipo mtu wa kangomba anapogonga hodi jioni, ana fedha taslimu, anataka korosho ambazo bado ni maua, kwa bei yake. Tumewaona wazazi wakiuza magunia mawili ya msimu ujao kwa fedha ya karatasi. Kangomba imekatazwa, kila mtu anajua. Lakini mwenye shida ya Julai hawezi kungoja mnada wa Oktoba. Huku kwetu harusi na unyago vinachangiwa bila kusukumana, na jumuiya ndogondogo zikiamua, elfu tano tano za Mei zingeweza kumwokoa mtu na bei ile.

Orodha za waliopata hutoka kwa awamu, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa kwa aliyekosa au aliyepata pungufu. Vijana wengi huliacha dirisha hilo lipite kwa kukata tamaa. Aliye na karatasi mpya alitumie.

Limebaki la kurudisha, maana wazazi wengi wanaogopa deni kwa haki kabisa, huku wakikumbuka mikopo ya mitaani. Mkopo huu haurudishwi na mzazi wala hauli shamba. Anayerudisha ni mhitimu, kuanzia miezi 24 baada ya kumaliza, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake: kwenye laki sita ni elfu tisini kila mwezi. Si kidogo. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji ikaondolewa mwaka huohuo. Kwa hiyo deni la leo ni jepesi kuliko walilolibeba kaka zetu.

Kati yetu wapo wanaosema elimu ya chuo ingekuwa bure kabisa kwa wote. Tumebishana sana. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine, na asiporudi amewasaliti. Waliotoa chakula hicho ni pamoja na mama wa Newala anayekatwa tozo kwenye kila kilo ya korosho, ambaye huenda hana mtoto chuoni. Kwake yeye mkopo unaorudi una haki kuliko zawadi isiyorudi, kwa sharti kwamba mtoto wake naye aweze kuufikia. Sharti hilo bado halijatimia.

Likizo hii, kwa ruhusa ya paroko, tutakaa na meza nje ya ofisi ya parokia kila Jumapili baada ya Misa ya pili. Hatuiti kidato cha sita, maana kwao muda umekwisha. Tunawaita wa kidato cha tatu na cha nne, Wakristo na Waislamu, waje na cheti cha kuzaliwa kama wanacho, na cheti cha darasa la saba ili tulinganishe majina. Aliyefiwa na mzazi aje na mtu mzima anayekumbuka mwaka na mahali pa maziko. Madaftari ya parokia yatakuwa mezani.