Mapezi ya Injini si Mapambo

Umewahi kuitazama vizuri injini ya pikipiki ya bodaboda? Utaona silinda imezungukwa na mapezi membamba ya aluminiamu. Mimi nilidhani ni urembo tu. Kumbe asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

Kaka yangu hunilipia karo kwa kazi ya bodaboda. Msimu wa mvua matope yalijaa katikati ya mapezi yale, yakakauka, naye hakuyatoa. Siku moja akipanda mlima na mizigo, injini ikanoki. Fundi aliitoa pistoni, ikawa imechunika vibaya. "Kijana, hii imeuawa na joto," akamwambia. Wiki hiyo hiyo nami nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Huko nyumbani nilishika kalamu. Joto linalotoka hutegemea mambo matatu: eneo linaloguswa na hewa, tofauti ya joto kati ya chuma na hewa, na nguvu ya upepo.

Tuchukue silinda yenye kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa sentimita 8. Eneo la ubavu wake ni 3.14 × 6 × 8, yaani sentimita mraba 151 hivi. Sasa tuivishe mapezi 8 ya mviringo, kila moja kipenyo sentimita 10 na unene milimita 2. Pezi moja lina nyuso mbili: 2 × 3.14 × (5² − 3²) = 100.5. Yote 8 ni 804. Mashina yake yamefunika 30 za silinda, zikabaki 121.

Lakini ngoja kwanza! Ncha ya pezi haiwi moto kama shina, maana joto hupungua likisafiri. Basi tuhesabu asilimia 90 tu ya 804, yaani 724. Ukijumlisha na 121 unapata 845.

Tuseme upepo huondoa wati 50 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na tofauti ni nyuzi 100. Silinda tupu itatoa wati 75 hivi. Yenye mapezi itatoa wati 422, zaidi ya mara tano!

Tope likijaa, hewa haifikii nyuso zile, na tope lenyewe halipitishi joto vizuri. Sehemu kubwa ya faida inapotea.

Siku hizi kila jioni mimi ndiye husugua mapezi kwa brashi na maji, injini ikishapoa. Wenzangu, waambieni kaka na baba zenu: usipoziba ufa utajenga ukuta.