Sinia la sherehe: Mbuzi mmoja, masinia sita, na faida inayopotea kwa kukosa hesabu

KIANGAZI kikiingia Musoma, kalenda ya sherehe nayo hufunguka. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni chache, njia za vijijini zinapitika na mazao mengi yameshavunwa. Huu ndio wakati wa harusi, ubatizo, kumuaga bibi harusi na kupokea ndugu waliotoka mbali.

Kwa mkazi wa Nyakato, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Musoma (si ile Nyakato ya Mwanza), sherehe ya wageni 20 au 30 haihitaji ukumbi. Turubai, viti vya kukodi na masinia machache ya nyama na samaki vinatosha. Wageni huzunguka sinia, wananawa na kula pamoja.

Jambo hili halipo Tanzania pekee. Wafaransa wana ubao wao wanaoupanga nyama zilizokolezwa chumvi au moshi, jibini, matunda na karanga, na nyama hizo wanaziita charcuterie, neno lililotokana na maneno ya kale yenye maana ya nyama iliyopikwa. Chanzo chake kilikuwa shida ya kuhifadhi nyama ya nguruwe isioze. Watu wa Ziwa Victoria wanaijua shida hiyo hiyo, ndiyo maana kuna sangara wa chumvi anayeitwa kayabo, samaki wa moshi na dagaa wa kuanikwa.

Tofauti ni kwamba kule ubao huo umekuwa biashara yenye vipimo na bei. Huku kwetu wachomaji wengi bado hukadiria kwa macho, na sherehe ikiisha hawajui kama wamepata au wamekula mtaji.

Mali iko mkoani

Sinia zuri la Musoma halihitaji kitu cha kutoka mbali. Sato na sangara hushushwa kwenye mialo ya mjini kama Mwigobero na Makoko. Mbuzi na kuku wa kienyeji hufugwa Butiama, Bunda na Serengeti. Ndizi huteremka kutoka milima ya Tarime. Muhogo na viazi vitamu hulimwa karibu kila wilaya, na wakulima wa kando ya ziwa wenye pampu za kumwagilia huvuna nyanya, vitunguu na matikiti maji hata mvua zikikatika.

Kwa maana hiyo, oda moja ya masinia inagusa mifuko ya watu wengi: mfugaji, mvuvi, mkulima wa bustani, muuza mkaa, dereva wa bodaboda na mchomaji mwenyewe. Lakini kila mmoja atanufaika tu kama mchomaji anajua anahitaji kiasi gani na lini.

Vipimo vya sinia la watu 10

Kipimo rahisi ni gramu 400 za nyama na samaki wabichi kwa kila mgeni, pamoja na mifupa. Nyama ikichomwa hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake, hivyo anayenunua kwa kukadiria kiasi kilichoiva ataaibika mbele ya wageni.

Kwa watu 10 zitahitajika kilo nne: mbuzi kilo mbili, kuku wa kienyeji mmoja wa kilo moja, na sato wawili wa nusu kilo kila mmoja. Ongeza ndizi 20 za kuchoma, muhogo kilo mbili, nyanya kilo moja, vitunguu nusu kilo, matango matatu, ndimu tano, pilipili, karanga za kukaanga nusu kilo na tikiti maji moja la kati.

Dagaa wa kukaanga wanaweza kuwekwa pembeni kama kitafunwa. Mnunuzi akumbuke kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali hupungua na bei hupanda, hivyo ni vema kununua mapema.

Mfugaji naye apige hesabu hapa. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 12 hivi. Hiyo ni nyama ya masinia sita. Oda ya masinia 10 ni mbuzi wawili, na kilo nne za akiba. Mfugaji anayejua tarehe za sherehe anaweza kumuuzia mchomaji moja kwa moja badala ya kumpeleka mbuzi mnadani siku ambayo wanunuzi ni wachache.

Usafi ndio mtaji wa kwanza

Sinia moja likiwaumiza wageni matumbo, mchomaji amekwisha mtaani. Mbuzi achinjwe kwenye machinjio na nyama ipigwe muhuri wa mkaguzi. Nyama isiyokaguliwa inaweza kubeba kimeta na minyoo ya tegu. Mnyama aliyechomwa sindano ya dawa asichinjwe hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie.

Sato anunuliwe alfajiri. Samaki mzuri ana macho maangavu, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama yake ikibonyezwa hurudi. Awekwe mara moja kwenye boksi la barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Asiwe chini ya sentimita 25, kwani kumvua na kumuuza sato mdogo kuliko huyo ni kosa kwa kanuni za uvuvi.

Muhogo uwe ule mtamu. Aina chungu zinazotengenezwa udaga zina sumu inayohitaji kulowekwa na kukaushwa, na si za kuchoma. Hata ule mtamu umenywe, uchemshwe, maji yamwagwe, ndipo upakwe chumvi na kubanikwa.

Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kilichoiva wala kachumbari. Kitimoto, kama mwenye sherehe amekiagiza, kiwe na wavu wake, kisu chake na sinia lake peke yake. Katika mtaa wenye Wakristo na Waislamu, kuchanganya ni kuwakosea heshima wageni na kujifungia mlango wa oda nyingine.

Saa ya kuanza

Kama wageni wanakula saa 10 jioni, nyama ikatwe na kutiwa chumvi, limao, tangawizi na kitunguu saumu saa nne asubuhi, kisha ikae kwenye baridi. Mkaa uwashwe saa saba na nusu. Nyama isiwekwe juu ya miali ya moto, bali makaa yakishakuwa na majivu meupe. Kuku na mbuzi hutangulia, ndizi na muhogo hufuata, sato huwa wa mwisho kwa sababu huiva upesi.

Chakula kilichoiva kifunikwe kwenye hotipoti kikiwa cha moto. Kikikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, vijidudu huanza kuzaliana na hakifai tena kuuzwa.

Sinia litandikwe majani ya mgomba yaliyooshwa. Bakuli la pilipili na ndimu hukaa katikati, nyama na samaki hulizunguka kila kimoja upande wake, ndizi na muhogo hukaa ukingoni. Kachumbari ikatwe dakika za mwisho na iwe kwenye bakuli, maana maji yake huilowesha nyama. Tikiti na karanga ziende kwenye sahani za pembeni. Wa kubeba kwenye mifuko ya plastiki wakumbuke imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Daftari kabla ya mkaa

Kwa mfano wa hesabu tu, kama vifaa vya sinia moja vimegharimu Sh70,000, mkaa Sh4,000, usafiri Sh3,000, ujira Sh10,000 na uchakavu wa vyombo Sh3,000, gharama yote ni Sh90,000. Likiuzwa Sh120,000, faida ni Sh30,000. Wengi hulinganisha Sh120,000 na zile Sh70,000 za sokoni na kudhani wamepata Sh50,000. Zile Sh20,000 zilizosahaulika ndizo zinazokula mtaji.

Hatari kubwa zaidi ni oda isiyo na malipo ya awali. Masinia 10 ni vifaa vya Sh700,000. Sherehe ikiahirishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, samaki na nyama havisubiri. Mchomaji asipopata pa kuviuza atalazimika kuuza masinia 24 mengine ili faida yake irudishe fedha hizo.

Kwa hiyo mteja, hata awe shemeji, atoe fedha za vifaa kabla ya siku ya kununua, na makubaliano yaandikwe: tarehe, saa, idadi ya masinia na salio litalipwa lini. Anayeifanya kazi hii kila wiki apime afya na akate leseni ya halmashauri, ili asiishi kwa kumkimbia bwana afya.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ziwa lipo, mbuzi wapo na wageni wanakuja. Kalamu na daftari havizidi bei ya kilo moja ya sato.