Mama Mgongoni

Miongoni mwa filamu za Kijapani za karne iliyopita, sijui iliyo nzito kuitazama baada ya chakula cha jioni kama Narayama Bushikō ya Shohei Imamura, iliyotunukiwa Palme d'Or huko Cannes mwaka 1983, nayo yahusu kijiji cha milimani ambacho, kwa uhaba wa nafaka, ada yake ni kwamba atimizaye miaka 70 sharti abebwe mgongoni na mwanawe hata mlima Narayama, akaachwe huko afe. Bibi Orin, mwenye miaka 69, mzima wa afya na meno yake kamili, ayaonea haya meno hayo, maana mkongwe mwenye meno ni mlaji. Basi ayagonga kwenye jiwe hata yavunjike. Ama jirani walioiba chakula, hao hufukiwa hai, wakubwa kwa wadogo.

Niliitazama Korogwe, mji uliojaaliwa mto Pangani, ilhali fikira zangu zilikwisha kwenda Handeni, ambako ukame si habari ya sinema. Huko Uzigua, katika miaka ya 1830, baa la njaa liliwadhili watu hata wakawaweka rehani jamaa zao, na wengine nafsi zao wenyewe, kwa wenye chakula wa pwani. Na wako walioingia majahazini kwa tamaa ya kazi na posho, wakajikuta wameuzwa Barawa, katika pwani ya Somalia. Hapo ndipo nimwonapo Imamura kinyume chake: njaa ya Narayama humtoa mkongwe ili kijana ale, na ya Uzigua ilimtoa kijana, kwa kuwa soko halikuwa na haja ya mkongwe.

Baadhi ya watumwa wale waliyatoroka mashamba, wakafanya maskani katika misitu ya bonde la mto Juba, wakilima na kusema Kizigua chao kizazi baada ya kizazi. Hata vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, wako wajukuu wao waliopanda vyombo tena, safari hii kuelekea kusini, wakapokewa Tanzania, wakakaa Mkuyu kisha Chogo, Handeni ile ile, na baadhi yao wakapewa uraia.

Katika filamu, wapandao Narayama hawaruhusiwi kusema neno; Orin, theluji ikimwangukia mabegani, ampungia mwanawe mkono tu, aende zake. Waliorudi Handeni walisema, na wenyeji, baada ya zaidi ya miaka 150, wakawaelewa.